Siku Mia za Mama Winchi

Mlinzi alimzuia getini mbele ya watu wasiopungua arobaini.

"Samahani mama," alisema kwa adabu kabisa, "tumepewa amri wajawazito wasipite. Huko ndani ni hatari."

Foleni nyuma yake ikasogea kusikiliza. Kitindamimba wa mwanamke huyu alikuwa darasa la kwanza, na tangu amzae hakuwa ameshika mimba nyingine. Akatoa kitambulisho, akakiinua mpaka usawa wa macho ya mlinzi.

"Mimi ndiye ninayeendesha winchi. Na hili ni tumbo langu tu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mlinzi akasogea pembeni, macho yake yakitazama viatu vyake mwenyewe. Mwanamke akapita, akavaa kofia ngumu, akapanda vidato mia na sitini vya ngazi ya chuma bila kupumzika hata mara moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hasira ilimpandisha. Alipofika juu kibandani, akafunga mlango, akakaa kitini, na ndipo akalia.

Katika ujenzi walimwita Mama Winchi, na jina hilo alilipata kwa haki. Alianzia kwenye gari la kuinulia mizigo ghalani, akiwa msichana wa miaka ishirini na moja. Baadaye kampuni ilipotangaza mtihani wa winchi, walijitokeza wanaume watano na yeye. Walipewa ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni, wainyanyue, waizungushe uwanja mzima na kuitua juu ya kiti. Wale watano walilowesha kiti. Yeye alimwaga kiasi cha kijiko. Miaka kumi na tano ilikuwa imepita tangu siku ile, na katika miaka hiyo alikuwa amezaa watoto watatu, wa mwisho akiwa na kilo nne na ushei.

Ya mlinzi hayakuwa mapya. Sokoni muuza mboga alikuwa akimwongezea nyanya mbili "za mtoto." Benki walimpisha mbele ya foleni, na kwa kuwa aibu ya kukataa ilizidi aibu ya kukubali, alipita amejishika kiuno kama mjamzito kweli. Lakini getini ilikuwa kazini kwake. Kazini alikuwa mtu.

Jioni ile alimkuta mumewe sebuleni, mguu kwenye cherehani. Alikuwa fundi nguo, mtu mpole wa maneno machache.

"Nipime kiuno," alimwambia.

"Cha nini, mke wangu?"

"Nipime."

Akampima. Akaanza kuikunja futi ya kamba.

"Sema."

"Sentimita mia moja na nne. Lakini mimi sijalalamika."

"Hujalalamika, ila umeniongezea lastiki kwenye sketi tatu bila kuniambia. Unadhani sikuona?"

Mume akainama, akaanza kuokota pini zisizokuwepo sakafuni.

Kesho yake alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, msusi aliyekuwa na saluni nyumba ya tatu kutoka kwenye jimu ya mazoezi. Wifi alikuwa mwembamba kama uzi, na kila siku alikuwa na habari za jimu ile. Kulikuwa na mpango wa siku mia: unaanza na picha, unamaliza na picha, na atakayetoka vizuri picha zake zinabandikwa ukutani, kubwa kama mlango.

"Wifi, mimi nataka vipande," Mama Winchi alisema.

"Vipande vya nini? Vya sabuni?"

"Vya tumbo. Sita. Nataka mtu akinitazama asiwe na la kuuliza."

Mwenye jimu, aliyeitwa Kocha na kila mtu, alikuwa bondia mstaafu mwenye pua iliyolala upande. Alimzunguka mara moja kama mtu anayekagua gari kuukuu. "Siku mia ni chache kwa tumbo hili," alisema, "lakini nimeona miujiza. Utafanya nitakachosema?"

"Nitafanya."

Akafanya. Soda ziliondoka nyumbani, na sukari ya chai, na mkate wa jioni. Asubuhi alikula mayai, mchana alifungua kopo lake huko juu kibandani: maharage, kabichi, kipande cha kuku kisicho na ngozi. Jioni alijikunja na kujikunjua sakafuni mara mia mbili huku Kocha akihesabu. Watoto walipoletewa maandazi na shangazi yao, alitoka uani akasimama mpaka yaishe. Kilo zilishuka. Sura ikachongoka. Lakini tumbo lenyewe lilifanya jambo la ajabu: kila alipoinuka kutoka sakafuni, katikati yake kulitokea tuta, kama mgongo wa samaki unaosukuma ngozi kutoka ndani.

Siku ya thelathini na mbili mgongo ulimuuma mpaka akashindwa kuvaa viatu. Akaenda kituo cha afya. Nesi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, alimlaza, akamwambia ainue kichwa, akazamisha vidole juu ya kitovu.

"Vidole vitatu vinaingia," alisema. "Misuli yako iliachana wakati wa mimba na haijarudiana. Hapa katikati hapana mlango, pana pazia tu. Na huko kujikunjakunja kwako kunazidi kulisukuma pazia. Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Watu wa jimu."

"Watu wa jimu wamezaa?"

Alimfundisha upya kama mtoto. Alale chali, magoti juu, atoe pumzi yote huku akivuta kitovu ndani, taratibu. Ashushe mguu mmoja bila kiuno kuinuka, halafu wa pili. Apige magoti, akae kama ubao, ahesabu kumi tu. Yalionekana mazoezi ya wagonjwa, na Kocha aliyacheka waziwazi. Ila Mama Winchi alikuwa mtu wa kazi ya taratibu. Kuinua tani mbili si suala la nguvu. Alishika maneno ya nesi, na ya Kocha akabakiza chakula na vyuma. Siku ya sitini vidole viwili. Siku ya themanini kimoja, na tumbo limelala. Alipojitazama kwenye kioo cha mumewe, kile kirefu cha wateja, aliona chini ya mbavu mistari miwili iliyoshuka sambamba.

Angeishia hapo, kisa hiki kisingekuwepo.

Lakini mistari miwili ilimtia uchu. Alianza kuamka kabla ya wote ili aikague. Akila wali kidogo, aliona imefifia, akawa mkali kutwa nzima. Siku moja binti yake mkubwa alimwekea mafuta kwenye kabichi bila kujua, na mama akaimwaga sahani nzima mbele ya watoto. Mume aliinama akafuta sakafu.

Wiki ya mwisho Kocha alimwita pembeni. "Misuli unayo. Kinachoificha sasa ni maji chini ya ngozi. Acha chumvi kuanzia leo. Acha wanga. Jumatano jioni, acha maji. Ijumaa jioni tunapiga picha, halafu unakunywa pipa zima ukitaka."

"Siku mbili bila maji? Na kazi je?"

"Mabondia tunafanya hivyo kila pambano. Wewe si umekaa tu kwenye kiti huko juu?"

Alhamisi usiku mumewe aliweka glasi ya maji mezani, akaisogeza polepole mpaka ikagusa mkono wake. "Midomo yako imepasuka."

"Kesho jioni, baba. Kesho tu."

"Mama watoto, unaning'iniza vitu juu ya vichwa vya watu."

"Ninajua kazi yangu."

Ijumaa ilipambazuka na jua kali. Vidato mia na sitini vilimchukua muda mrefu. Alisimama mara nne, moyo ukimdunda masikioni. Kibanda chote kilikuwa cha chuma na kioo, na kufika saa tano kilikuwa tanuri. Hakutokwa jasho. Aliliona hilo na akafurahi: maji yamekwisha, alijiambia, mambo yanakwenda vizuri.

Chini, aliyemwongoza kwa redio ni mzee waliyemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Miaka tisa walifanya kazi pamoja, yeye akiwa macho ya pale ambapo Mama Winchi hawezi kuona. Siku hiyo walikuwa na ngazi ya zege, ile ya kupandia ghorofani, imemwagwa na kukaushwa uwanjani, tani mbili na kitu. Ilitakiwa inyanyuliwe, izungushwe kushoto, isimame hatua nyingi kabla ya jukwaa la mbao walipokuwa mafundi plasta saba, kisha ishuke kwenye tundu lake.

"Pandisha," alisema Kengele redioni. "Pandisha. Vizuri. Sasa kushoto, pole pole."

Mkono wa kushoto wa Mama Winchi ukasukuma kishikio. Mkono mrefu wa winchi ukaanza kuzunguka, na ngazi ikaufuata angani.

"Kushoto. Kushoto. Haya, simama."

Alitaka kuachia. Kishikio kile kimetengenezwa hivyo, ukikiachia kinarudi katikati na mashine inasimama. Lakini vidole havikufunguka. Misuli ya kiganja ilikuwa imekakamaa ghafla, dole gumba limejikunja ndani, na maumivu yakampanda mpaka kwapani. Mkono ulikuwa umeshika kishikio kama mkono wa maiti.

"Simama, mama. Simama!"

Ngazi ilikuwa inakwenda. Akavuta vidole kwa mkono wa kulia, kimoja kikalegea, vinne vikabaki. Mbele ya macho yake vidoa vyeusi vilianza kucheza. Aliwaona mafundi plasta wamempa mgongo, mmoja ameinama kuchota kwenye ndoo.

"SIMAMISHA!"

Akapiga kitufe chekundu kwa kiwiko.

Breki zikakaba. Kibanda kikatikisika, akagonga paji la uso kwenye kioo. Mkono wa winchi ulisimama, lakini mzigo wa tani mbili ukiusimamisha ghafla hausimami, unabembea. Ngazi ya zege ikaondoka kwa mwendo wake yenyewe kuelekea jukwaani.

Kengele hakutumia redio. Aliwapigia kelele kwa sauti aliyopewa na Mungu, na uwanja mzima ukaisikia: "Laleni! Plasta, laleni chini!"

Saba wakajitupa. Ngazi ikapita juu yao, ikang'oa reli ya mbao kama mtu anayevunja kijiti cha meno, ikarudi. Ndoo ya plasta ikaanguka ghorofa nne na kupasukia kwenye kifusi ambako hapakuwa na mtu. Ngazi ikaja mara ya pili, ikaishia hatua moja kabla ya jukwaa. Ya tatu, mbili.

Halafu ikatulia.

"Mama Winchi," redio ikasema. "Ongea."

"Mkono umekakamaa," alijibu, na ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Macho yananiacha, mzee. Nimepiga breki."

"Unaumwa?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. "Sijanywa maji tangu juzi jioni. Kwa ajili ya tumbo."

Kisha akasikia sauti ya msimamizi wa ujenzi akiamuru watu wote waondoke chini, na akajua kwamba Kengele amemkabidhi redio. Hakujua kwa nini, mpaka alipochungulia na kuona kofia ya njano ya mzee ikipanda ngazi ya chuma. Mwendeshaji wa zamu nyingine alikuwa mbali, saa nzima ya safari, na upepo ulishaanza kuamka; kipimo cha kibandani kilikuwa kinapanda, na mzigo ule haukutakiwa kukutwa na upepo ukining'inia. Mzee wa miaka hamsini na minane, mwenye goti bovu, akaanza vidato mia na sitini na chupa mbili zimefungwa kiunoni. Mara mbili Mama Winchi aliona kofia ile imesimama, haisogei, na mara zote mbili alijiambia: nimemuua.

Alipoingia kibandani alikuwa mweupe midomo. Hakumsalimia. Akafungua chupa, maji ambayo mama wa kantini alikuwa ameyatia sukari na chumvi kidogo.

"Kidogo kidogo," alisema. "Sikupanda huku nije kukutazama unatapika."

Alikunywa. Alitaka kulia lakini machozi hayakuja, hayakuwepo. Kengele akauchukua ule mkono wa kushoto, akaanza kuukanda kiganja kwa dole gumba lake gumu, akitazama nje.

"Mkwe wangu yuko kwenye jukwaa lile," alisema. "Mume wa binti yangu. Yule aliyekuwa ameinama."

Akaendelea kukanda.

Baada ya nusu saa vidole vilifunguka na vidoa vikapungua. Mzee akasimama nyuma ya kiti, mikono yake imeelea karibu na vishikio endapo Mama Winchi ataanguka, na kwa pamoja, mzee akisema na yeye akitenda, wakaishusha ngazi hadi uwanjani, inchi kwa inchi. Ilipogusa ardhi hakuna aliyepiga makofi.

Kituo cha afya walimtundikia dripu. Yule yule nesi wa mikono ya baridi alimpandisha blauzi kumpima, na wifi, aliyekuwa ameandaa simu yake kwa picha ya jioni kabla ya kupata habari, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Wifi," alinong'ona, "vimetoka. Vyote sita."

Ni kweli. Pale kitandani, chini ya taa nyeupe, vilisimama kama vimechongwa. Wifi alitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akamtazama kaka yake aliyekaa kando ya kitanda, akairudisha simu mkobani. Mume akavuta shuka mpaka kidevuni mwa mkewe.

"Baridi hii," alisema, ingawa hapakuwa na baridi.

Jumatatu aliitwa ofisini kuandika maelezo. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, na hakutaka kumpoteza. "Andika joto," alimshauri. "Joto lilikuwa kali kweli. Kila mtu atasaini."

Akaandika: *Sikunywa maji kwa muda wa saa arobaini kwa sababu nilitaka misuli ya tumbo langu ionekane kwenye picha.* Msimamizi akaisoma mara mbili.

"Tuipeleke hivi hivi?"

"Ukiandika joto, kesho mwingine atafanya kama mimi."

Alishushwa kwenye winchi kwa wiki sita, akakagua minyororo na kufagia stoo. Wiki ya kwanza aliwafuata mafundi plasta mmoja mmoja kuwaomba radhi. Kiongozi wao alisema hajalala vizuri tangu siku ile, lakini amemsamehe kwa kuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Mkwe wa Kengele alicheka cheko fupi la mtu anayetaka jambo liishe. Wa saba hakugeuka. Aliendelea kupaka ukuta mpaka Mama Winchi akaondoka, na hadi leo hajampa mkono.

Kwa Kocha alikwenda pia. "Mimi sikukwambia upande winchi na kiu," Kocha alijitetea.

"Nilikuuliza kuhusu kazi, ukanijibu nimekaa tu kwenye kiti."

Kocha akajipapasa ile pua iliyolala. Picha ya kwanza ya Mama Winchi, ile ya mia moja na nne, ilikuwa bado kwenye faili. Aliichukua akaondoka nayo, na jimu ile hakurudi.

Mazoezi hakuacha. Anayafanya sebuleni jioni, pembeni ya cherehani, na siku hizi binti yake mkubwa analala sakafuni kando yake, wakitoa pumzi pamoja huku wakichekana. Tumbo limekaa. Kidole cha nesi hakiingii tena. Vipande hutokea viwili, pengine vinne, asubuhi kabla hajala. Akila wali vinakwenda zake, naye anavuta shati na kwenda kazini. Wakati mwingine bado hujitazama kioo cha wateja kwa muda mrefu kuliko anavyotaka mumewe ajue.

Lililomchukua muda zaidi ni Kengele. Wiki tatu mzee alimpita kama nguzo. Hakuwa na hasira ya kelele. Alimnyima sauti tu, sauti ile aliyokuwa ameizoea masikioni kwa miaka tisa. Alikwenda nyumbani kwake siku ya mapumziko, akakaribishwa chai na mke wa mzee, akanywa, mzee akabaki uani akitengeneza kiti kisichokuwa kimevunjika.

Siku ya kwanza aliyorudishwa kibandani hakujua ni nani atakuwa chini. Akakaa, akajaribu vishikio, akawasha redio. Ikakwaruza, na uwanja mzima, kila mwenye redio mkononi, ukasikia ile sauti.

"Mama Winchi."

"Nakusikia, mzee."

"Umekula nini asubuhi?"

Akaona haya. Chini kofia zilikuwa zimeinuliwa kumtazama. "Mayai mawili," alisema. "Mkate. Ndizi."

"Mkate vipande vingapi?"

"Vitatu."

"Na maji?"

"Vikombe viwili. Chupa ninayo hapa."

"Inyanyue niione."

Akainyanyua chupa dirishani, ikametameta juani.

"Haya," alisema Kengele. "Shusha ndoano."